Kiatu na Kitendawili: Uhakiki wa Sinema Moja ya Binti wa Majivu

Ngano ya binti yatima aliyeteswa na mama wa kambo, akalazwa jikoni penye majivu, kisha akatambuliwa kwa kiatu na mwana wa mfalme, ni miongoni mwa ngano zilizosafiri mbali zaidi ulimwenguni. Mwaka 1893 Bibi Marian Roalfe Cox alichapisha kitabu alimokusanya mapokeo 345 ya ngano hiyo na jamaa zake. Nayo katika orodha ya aina za hadithi iliyoanzishwa na Antti Aarne na kukuzwa na Stith Thompson yajulikana kwa namba 510A. Huko Ufaransa Charles Perrault aliiandika mwaka 1697. Huko Ujerumani ndugu wawili Grimm waliichapisha mwaka 1812. Na tangu mwaka 1950 watu wasiohesabika wameijua kwa picha za kuchorwa za Walt Disney kuliko kwa kinywa cha bibi au kwa kitabu.

Makala haya yakusudia kuhakiki pokeo moja tu, nalo halimo kitabuni bali limo katika sinema. Sinema hiyo ilitengenezwa kwa ushirika wa studio ya Barrandov ya Prague na studio ya DEFA ya Ujerumani Mashariki, ikaongozwa na Václav Vorlíček, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Jina lake kwa Kicheki ni Tři oříšky pro Popelku, maana yake Kokwa Tatu kwa Popelka. Popelka ndilo jina la binti, nalo latokana na neno popel, yaani majivu. Msingi wake ni masimulizi ya Božena Němcová, mwandishi mkubwa wa Kicheki aliyefariki mwaka 1862. Katika Jamhuri ya Cheki, Ujerumani na Norwe sinema hii huonyeshwa katika televisheni kila ifikapo Krismasi, na watu walioiona wakiwa watoto sasa huwaonyesha wajukuu.

Nimeipenda sinema hii na binti wake tangu utoto wangu, wala umri na masomo havikuniondolea mapenzi hayo. Walakini mapenzi si hoja. Mtu aweza kupenda kitu kwa kuwa alikiona katika saa njema ya maisha yake, na kitu chenyewe kikawa hafifu. Msomaji wa jarida hili ana haki ya kudai sababu, na mimi sababu yangu nitaitaja mapema ili ipimwe tangu hapa. Katika mapokeo mengine ya ngano hii anayetahiniwa ni binti, na kinachopimwa ni mguu. Katika sinema hii anayetahiniwa ni mwana wa mfalme, na kinachopimwa ni uwezo wake wa kumjua mtu kwa maneno. Kiatu kimebaki, lakini mamlaka yake yamehamia kwenye kitendawili. Badiliko hilo moja lageuza ngano nzima, na ndilo linalomfanya Popelka astahili kuchunguzwa na watu wa elimu ya lugha, si kupendwa na watoto peke yao.

Kwanza tutazame jinsi kiatu kilivyo shahidi dhaifu. Katika pokeo la ndugu Grimm mwana wa mfalme amecheza na binti usiku baada ya usiku, amemshika mkono, amemtazama usoni. Hata hivyo anapokwenda kumtafuta amesahau uso na sauti, amebaki na kiatu tu. Matokeo yake twayajua. Dada wa kwanza akata kidole chake cha mguu, dada wa pili akata kisigino, na mara zote mbili mwana wa mfalme ampakia farasini mtu asiye wake, mpaka njiwa wamwambie atazame damu. Ndege wana akili kumshinda. Perrault ni mpole zaidi, hana damu, lakini naye anaacha kazi ya kutambua mikononi mwa kiatu. Hapa binti hana la kusema. Anakaa, ananyoosha mguu, kiatu kinaingia, hadithi inakwisha. Kama mguu wa mwingine ungalikuwa na kipimo kilekile, ngano isingalikuwa na njia ya kumkataa.

Sasa tuione sinema. Popelka akaa katika jumba la shamba lililokuwa mali ya baba yake, ambalo sasa latawaliwa na mama wa kambo pamoja na bintiye Dora. Marafiki zake ni watumishi, farasi aitwaye Jurášek, mbwa, na bundi aitwaye Rozárka alindaye kijisanduku cha vitu vyake vichache. Msomaji wa pwani atashtuka kidogo kumwona bundi akiwa mlinzi wa heri, maana kwetu ndege huyo akilia juu ya paa watu hunyamaza. Mtumishi Vincek, anayeigizwa na Vladimír Menšík, aenda safari, na Popelka amwomba amletee kitu chochote kitakachomwangukia puani njiani. Mwana wa mfalme, kwa utundu wake, afyatua mshale na kuangusha kiota juu ya Vincek aliyesinzia, na ndani ya kiota mna kokwa tatu. Katika pokeo la Grimm ni baba aliyeleta kijiti kilichogonga kofia yake. Hapa baba amekufa na nafasi yake imechukuliwa na mtumishi. Kokwa ya kwanza yatoa mavazi ya mwindaji, ya pili mavazi ya karamu ya dansi, ya tatu mavazi ya harusi.

Mara tatu Popelka na mwana wa mfalme wakutana kabla ya mwisho. Mara ya kwanza ni mwituni, naye amevaa matambara na uso una majivu. Mwana wa mfalme ataka kumpiga paa, na binti amtupia donge la theluji hata paa akapona. Mara ya pili ni mwituni vilevile, amevaa mavazi ya mwindaji, awashinda wote kwa shabaha. Mara ya tatu ni katika jumba la mfalme, amevaa mavazi ya fedha, uso umefunikwa kwa shela. Hapo mwana wa mfalme, aliyekuwa akikataa kuoa, atangaza kwamba amekwisha kumchagua mchumba. Popelka amkumbusha kwamba amesahau jambo moja, nalo ni kumwuliza huyo mchumba kama ataka. Kisha amtegea kitendawili. Chasema kwa maana, si kwa maneno yake: mashavu yamepakwa majivu, lakini si mfagia dohani, kofia ina manyoya na bega lina upinde, lakini si mwindaji, mavazi yamedariziwa fedha na kuburura sakafuni, lakini si binti mfalme. Mwana wa mfalme ashindwa, na binti aondoka mbio, kiatu kikabaki ngazini.

Umbo la kitendawili hiki lastahili kutazamwa kwa utulivu. Vitendawili vyetu vingi hutaja kitu kwa jina la kitu kingine, kisha hukinyima sifa moja ya hicho kingine. Tukisema kwamba nyumba yangu haina mlango, tumelitumia jina la nyumba kwa yai, na kukataa mlango ndiko kunakomwonya msikilizaji kwamba nyumba hii si nyumba. Kitendawili cha Popelka chafanya kinyume. Sifa zote zatolewa bila kunyimwa: majivu yapo, upinde upo, fedha ipo. Kinachonyimwa ni jina. Msikilizaji apewa dalili, na mara aendapo kulitaja jina ambalo dalili hizo zamsukumia, azuiwa kwa neno si. Wala asijibu kwa kupata jina la nne. Jibu ni kwamba watu hao watatu ni mmoja, na kwamba huyo mmoja hamo katika jina lolote ambalo mavazi yake yalimpa.

Tena lipo jambo jingine la hesabu ambalo watazamaji wengi hulipita. Kokwa ni tatu na sehemu za kitendawili ni tatu, lakini hazilingani. Majivu, yaliyo sehemu ya kwanza ya kitendawili, hayakutoka katika kokwa yoyote. Hayo ni hali yake mwenyewe, bila uganga. Mavazi ya harusi, yaliyotoka katika kokwa ya tatu, hayamo katika kitendawili. Sababu yaonekana. Majivu lazima yawemo, maana mtu atakaye kumjua Popelka si budi amjue kuanzia jikoni. Na harusi haiwezi kuwemo, maana harusi yategemea jibu. Hivyo uganga wa kokwa wampa binti nafasi ya kuonekana, lakini kujulikana kwake hakutoki katika uganga. Sijui pokeo jingine la ngano hii ambamo jambo hilo limepangwa kwa uangalifu namna hii.

Kwetu sisi kitendawili ni mkataba. Mtegaji hutamka "Kitendawili!", na wasikilizaji hujibu "Tega!", kwa neno hilo moja wamekubali kufungwa. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, nao humpa. Naye akiisha kuupokea husimulia alikwenda mji gani na aliambiwa nini huko, ndipo atoe jibu. Tuipime sinema kwa desturi hiyo. Mwana wa mfalme ni mtu mwenye miji kweli, na karamu nzima imeandaliwa ili miji hiyo ipate bibi. Wasichana wote ukumbini wamekuja kwa ajili ya mji. Popelka amshinda mbele ya watu, na kwa sheria ya mchezo angaliweza kudai mji. Hadai. Aondoka na jibu lake, na kumwachia mwenye mji deni. Mtazamaji aliyelelewa katika vitendawili vya Kiswahili aiona sehemu hii kwa ukali ambao, nadhani, mtazamaji wa Ulaya haupati: kiatu kilichobaki ngazini si rehani ya binti, bali ni ukumbusho wa deni la mwanamume.

Katika mwisho wa sinema deni hilo lalipwa. Mama wa kambo amemvika Dora mavazi ya Popelka na kukimbia naye kwa gari la theluji, mpaka wote wawili wakatumbukia bwawani; ujanja wa mavazi umeshindwa. Ndipo Popelka atokea juu ya farasi wake, amevaa mavazi ya kokwa ya tatu, kiatu chaingia mguuni, na kitendawili chateguliwa mbele ya watumishi wa shamba. Watu hao wamwita kwa jina lake, naye mwana wa mfalme aongeza kwamba binti huyo ni wake pia, kama atamkubali. Neno kama ndilo ushindi wa Popelka. Katika jumba la mfalme alisema nimechagua. Katika uwanja wa shamba auliza. Safari yote kati ya maneno hayo mawili ni elimu aliyoipata kwa kushindwa kujibu.

Hapa mtu wa lugha hana budi kuuliza swali la sarufi. Kitendawili hiki chatunza siri ya mtu mmoja mwenye sura tatu, na moja ya sura hizo ni ya kiume. Kicheki huonyesha jinsia ya mtendaji katika kitenzi cha wakati uliopita: mwanamume akija husemwa přišel, mwanamke akija husemwa přišla. Kijerumani kina er na sie. Kinorwe kina han na hun. Basi katika lugha hizo kila amtajaye mwindaji yule lazima aseme uongo au afichue siri. Kiswahili hakina shida hiyo. Amekuja ni amekuja. Mwindaji ni mwindaji. Mchumba ni mchumba. Hata mwana wa mfalme, tukilitazama neno lenyewe, hatuambiwi kama ni mume au mke. Sisemi kwamba watu wasemao lugha isiyogawa jinsia ni waadilifu zaidi kwa wanawake. Hilo halina ushahidi, na nyumba zetu zalikanusha. Nasema tu kwamba msimulizi wa Kiswahili aweza kuisimulia ngano hii tangu mwanzo hadi mwisho akiwa amesema kweli tupu, na siri isivuje.

Jambo hili sikulipata katika vitabu. Mjomba wangu, aliyesoma Leipzig, alirudi nyumbani Pangani mwaka 1991 akiwa na kanda ya video ya sinema hii kwa Kijerumani. Hakuna mwingine nyumbani aliyekijua Kijerumani, kwa hiyo alisimama kando ya televisheni akatufasiria watu wote kwa sauti yake moja: mfalme, mama wa kambo, Dora na Popelka. Sisi watoto tuliona picha, tukajua mwindaji ni nani. Bibi yetu alikuwa uani akichambua mchele, hakuona kitu, akawa anasikia tu. Kwake yeye alikuja mwindaji hodari na hakuna aliyemwambia zaidi. Mjomba alipofika penye dansi alitamka "Kitendawili!" kwa desturi yetu, na kutoka uani sauti ya bibi ikaitikia "Tega!" Mwana wa mfalme aliposhindwa, bibi alisema atoe mji, kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama yule mwindaji si mtoto wa majivu. Alikuwa amekitegua kabla ya mwana wa mfalme, kwa masikio peke yake.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu lahusu ubishi mmoja uliopo baina ya watu wa lugha. Wapo wanaoshika kwamba sinema ikifunikwa kwa sauti ya mfasiri mmoja huharibika, na kwamba kazi ya wale wasimulizi wa vibanda vya video, ambavyo Dar es Salaam vilipewa jina la vibanda umiza, ni kelele juu ya sanaa ya watu wengine. Dar es Salaam alijulikana mno Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu; Kenya amejulikana DJ Afro; na Uganda wapo wengi wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Wasimulizi hao hawafasiri neno kwa neno. Huongeza methali, huwapa watu wa sinema majina ya mtaani, hucheka, huonya, huhukumu. Mhakiki aliyefunzwa kuheshimu maandishi asilia huona hayo kuwa ufisadi.

Norwe yatoa jibu lenye uzito. Huko sinema hii imeonyeshwa tangu miaka ya sabini, na maneno yake yote, ya wanaume na ya wanawake, ya wazee na ya vijana, yamesemwa na mwanamume mmoja, Knut Risan, juu ya sauti za Kicheki ambazo bado zasikika chini yake. Mtu angalidhani kwamba taifa tajiri lenye studio zake lingaliona haya na kuibadili sauti hiyo. Halikufanya hivyo. Sauti ya Risan, aliyefariki mwaka 2011, imekuwa sehemu ya Krismasi yenyewe, na tarehe 24 Desemba watu huisubiri. Hata mwaka 2021, Wanorwe walipotengeneza sinema yao wenyewe ya ngano hiyohiyo, iliyoongozwa na Cecilie Mosli, ile ya zamani haikuondolewa mahali pake. Kilichotokea Norwe kwa sauti ya Risan ndicho kilichotokea Pangani kwa sauti ya mjomba: picha ya sinema ilirudishwa kuwa hadithi, yenye msimulizi mmoja na wasikilizaji wake. Ngano zilikuwa hivyo kabla ya Perrault. Kama jambo hilo ni ufisadi, basi bibi zetu wote walikuwa mafisadi, maana hakuna aliyeajiri watu sita wasimulie ngano moja.

Zaidi ya hayo, sinema yenyewe haikuwa na usafi ambao wapinzani wa wasimulizi wautetea. Waigizaji wake walikuwa Wacheki na Wajerumani. Mfalme aliigizwa na Rolf Hoppe na malkia na Karin Lesch, wote wawili wa Ujerumani Mashariki, hata katika kila nchi baadhi ya midomo ilisema lugha moja na masikio yakasikia nyingine. Ajabu kubwa zaidi ni ya mwana wa mfalme. Pavel Trávníček, aliyemwigiza, alikuwa na matamshi ya Moravia, na matamshi hayo hayakuonekana kufaa kinywani mwa mwana wa mfalme. Kwa hiyo katika sinema ya Kicheki sauti tuisikiayo ni ya mwigizaji mwingine, Petr Svojtka. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nasi twajua vema jinsi lahaja moja ipewavyo kiti na nyingine ikaambiwa ingojee nje. Yule kijana ambaye kazi yake katika hadithi ni kumtambua mtu chini ya mavazi ya kuazima, mwenyewe alikuwa amevikwa sauti ya kuazima.

Wala hakuwa yeye peke yake. Aliyeitunga hadithi ya sinema ni František Pavlíček, mtu wa tamthilia aliyepigwa marufuku na serikali ya Chekoslovakia baada ya majeshi kuingia nchini mwaka 1968. Jina lake halikuweza kuandikwa, na Bi. Bohumila Zelenková alikubali jina lake liwekwe mahali pa mtunzi. Kwa muda mrefu mamilioni ya watu walitazama sinema ambayo kiini chake ni kutajwa kwa mtu kwa jina lake la kweli, bila kuruhusiwa kujua jina la kweli la aliyeitunga. Sitaki kusema kwamba kitendawili cha Popelka ni fumbo la kisiasa. Hadithi njema haihitaji ufunguo wa aina hiyo, na kokwa tatu zilikuwamo katika masimulizi ya Němcová zamani kabla ya utawala huo kuwako. Lakini mtu aliyenyang'anywa jina hujua uzito wa kuitwa kwa jina. Labda ndiyo sababu hakuridhika na kiatu.

Haifai kuifumbia macho kasoro za sinema hii. Mama wa kambo na Dora wamechorwa kwa mkaa mmoja mweusi, na Dora, ambaye naye ni binti anayesukumwa na tamaa ya mamaye, hapewi hata dakika moja ya kuonewa huruma. Mzaha wa mfalme na malkia warefushwa kupita kiasi. Popelka mwenyewe si maskini wa kuzaliwa. Shamba lilikuwa la baba yake, hata mtu aweza kusema kwamba hadithi hairekebishi dhuluma ya jikoni bali yamrudisha mwenye mali mahali pake, na watumishi waliompenda wabaki watumishi. Lawama hiyo ya mwisho ni nzito, na sidhani yaweza kujibiwa yote.

Iko hoja moja ngumu kuliko hizo, nayo yahusu kitendawili chenyewe. Sehemu ya tatu yasema si binti mfalme. Akiolewa, atakuwa mke wa mwana wa mfalme, na neno si litakuwa uongo. Kitendawili kikiisha kuteguliwa, ukweli wake huanza kufa. Naamini Vorlíček alilihisi jambo hili, maana hatuonyeshi harusi, hatuonyeshi taji, hata jumba la Moritzburg karibu na Dresden, lililopigwa picha kama jumba la mfalme, halirudi. Twawaona wawili hao juu ya farasi, kila mmoja na wake, wakipita katika uwanda mweupe wa theluji, basi. Sinema yakoma mahali ambapo si bado ni kweli.

Yote haya yangalibaki karatasini kama binti asingaliigizwa na Libuše Šafránková. Alikuwa na umri wa miaka 19 picha zilipokuwa zikipigwa, naye alikwisha kuonekana mwaka 1971 katika Babička, sinema ya televisheni iliyotokana na kitabu cha Němcová huyohuyo. Alifariki mwezi wa Juni 2021, akiwa na miaka 68. Uigizaji wake katika sinema hii una jambo moja la kujifunza: haombi huruma. Anapochanganyiwa nafaka azichambue, hutazama nafaka, si mtazamaji. Anapomshinda mwana wa mfalme kwa shabaha, furaha yake hupita usoni upesi na kufichwa, kama mtu aliye na jibu na hataki kulitoa. Na anapotega kitendawili chini ya shela, sauti yake haina kiburi wala kubembeleza. Ni sauti ya mtu anayeuliza kwa kuwa kweli ataka kujua kama huyu aliye mbele yake ana akili ya kumwona. Nimewatazama mabinti wengi wa majivu katika sinema za nchi mbalimbali. Wengi wao hungoja. Huyu huuliza.

Kwa hiyo, nionavyo, kazi mbili zatungojea. Ya kwanza ni kuifasiri sinema hii kwa Kiswahili kwa njia ya msimulizi mmoja, na kuyaandika maneno yake, ili tuone kwa ushahidi jinsi lugha isiyogawa jinsia ichukuavyo ngano ya mtu aliyejificha. Ya pili ni ya haraka zaidi. Kanda za wasimulizi wa vibanda vya video zaharibika kwa joto na ukungu, na pamoja nazo zapotea saa nyingi za usimulizi wa Kiswahili ambao hakuna aliyeunakili. Wataalamu wametumia miaka mingi kukusanya hadithi kutoka vinywani mwa wazee, nao walifanya vema. Wasimulizi hawa nao ni wenye hadithi, na inafaa waandikwe kwa majina yao ya kweli, pamoja na mahali na mwaka waliposimulia, kabla hatujabaki na kiatu tu mkononi.